Kompyuta ya Shangazi inazimika ikiamka: shajara ya kazi ya wiki moja

Jumamosi, jioni

Shangazi alinipigia Alhamisi sikuipata simu, Ijumaa akatuma ujumbe wa sauti, leo nimefunga kazi zangu mapema nikaenda mwenyewe. Duka lake la steshenari liko Ngamiani, hapa Tanga. Anachapa barua, anatoa kopi, anawajazia watu fomu za mtandaoni, na jioni wanafunzi hupanga foleni kutoa kazi zao. Kompyuta anayo moja tu. Leo nimekuta ameweka kiti mbele yake na kuifunika kanga, kama mgonjwa.

Hali ilivyo: ukibonyeza swichi feni inazunguka, mashine inalia mlio mmoja mfupi, nembo ya Windows inatokea, vidoti vinazunguka mara tatu au nne, kisha skrini inageuka bluu na mashine inajiristati yenyewe. Inarudia hivyohivyo. Baada ya kushindwa mara mbili inasema inaandaa marekebisho ya kiotomatiki, inahangaika dakika kadhaa, inakiri imeshindwa, inarudi kulekule.

Ijumaa alipita fundi. Aliitazama kwa muda mfupi akasema hii ni ya kupiga Windows upya tu, shilingi elfu thelathini. Shangazi akamuuliza, na vitu vyangu vilivyomo? Akajibiwa vitakwenda na maji. Akamwambia, ngoja kwanza nimuulize mwanangu. Nashukuru sana kwamba alingoja, kwa sababu ndani ya mashine hii kuna daftari la kikoba. Wanawake ishirini na wanane, hisa za kila wiki, mikopo, faini, marejesho, na katibu ni yeye. Daftari la karatasi analo, lakini limeishia Juni. Tangu hapo ameandika kwenye kompyuta peke yake, na Jumapili ya wiki ijayo wanavunja kikoba wagawane.

Kwa hiyo mradi huu una kazi mbili, na mpangilio wake hauna mjadala: kwanza daftari, halafu mashine.

Mashine ni ya mezani, ilinunuliwa ikiwa imeshatumika. Prosesa ni Intel Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya muda mashine inapofanya kazi) GB 8 kwa vipande viwili vya GB 4, hadidiski ya GB 500, Windows 10.

Leo sikufungua hata skrubu moja. Nimeuliza maswali tu na kuandika majibu kama alivyoyasema:

"Jumatano usiku niliizima vizuri, nikazima na swichi ya ukutani kama kawaida yangu. Usiku umeme ulikatika ukarudi, nilisikia friji. Asubuhi nimewasha ikaandika maneno meupe kwenye kioo cheusi, mwisho imesema nibonyeze F1. Nimebonyeza. Ndiyo ikaanza mambo haya."

Nikamuuliza kama kuna kitu kingine alikuwa anakiona siku za nyuma. Akafikiri. "Saa tu. Ilikuwa inachelewa. Kila asubuhi naipeleka mbele."

Nimeandika, nikaweka mstari wa mwisho kabisa. Nilichokishika mimi ni ule umeme uliokatika.

Skrini ya bluu inakaa sekunde chache tu, jicho haliwahi kusoma. Nimeirekodi kwa simu, nikaisimamisha video mahali pake. Chini ya uso wa huzuni imeandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Maana yake Windows imeanza kuamka, ikageuka kutafuta diski inayoishi, haikuiona.

Kanuni ya kazi hii nimeiandika juu ya ukurasa: nabadili kitu kimoja, nawasha, naandika kilichotokea, ndipo nabadili kingine.

Jumapili, asubuhi mpaka adhuhuri

Daftari kwanza. Nimekuja na flashi ya GB 16 niliyoiwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, jana usiku, pamoja na diski yangu ya nje. Nimewasha, nikabonyeza F12, nikachagua mashine ianzie kwenye flashi. Ndani ya dakika mbili nimefika kwenye skrini safi yenye ikoni zake. Hapo nimepumua, kwa sababu mashine iliyoweza kuendesha mfumo mzima kutoka kwenye flashi ina prosesa hai, kioo hai na mazabodi hai, yaani ule ubao mkuu wa ndani.

Diski imeonekana, folda za Shangazi zote zipo. Kabla ya kunakili chochote nimeisoma afya ya diski kwa smartctl, programu ya kukagua diski, kwa sababu diski inayokufa haitakiwi kusumbuliwa. Unaisoma mara moja, taratibu, na cha thamani ndicho kinatoka kwanza. Nilichotafuta ni mistari minne. Namba 5, sekta zilizohamishwa: 0. Namba 197, sekta zinazongoja hukumu: 0. Namba 198, zisizosomeka: 0. Namba 199, makosa ya mawasiliano, ambayo mara nyingi huwa ni kebo mbovu: 0. Diski imefanya kazi zaidi ya saa elfu kumi na tisa na bado ni nzima.

Nimenakili GB 61. Imechukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa diski ya namna hii. Nimeandika pembeni: "polepole, kwa nini?"

Faili la kikoba nimelifungua kwenye laptopu yangu ili nisije nikajidanganya kwamba nimeliokoa kumbe limeharibika. Shangazi alisimama nyuma yangu, mkono mmoja begani kwangu, akawa anasoma majina kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, mpaka wa ishirini na nane. Alipofika mwisho akasema, "Wote wapo." Akaenda kuchemsha chai.

Nakala moja iko kwenye diski yangu, ya pili kwenye flashi ambayo ameitia ndani ya mkoba wake wa vitenge. Sasa mashine ikifa kabisa, imekufa yenyewe.

Wakati wa kuzima nimeona kona ya skrini: tarehe ni 1 Januari 2012.

Jumapili, usiku

Nimelala na ile tarehe kichwani, nikaamka kuandika.

Ndani ya mazabodi kuna saa ndogo na kumbukumbu ndogo ya mipangilio ya BIOS, ile programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows. Vyote viwili vinakula umeme kidogo sana. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, pawa saplai huvilisha. Ukizima swichi ya ukutani, vinabaki kwa betri ya mviringo, ile CR2032. Jina lake linajieleza: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2, na ikiwa mpya inatoa volti 3 na ziada kidogo.

Shangazi huzima swichi ya ukutani kila usiku, kwa miaka. Ni tabia nzuri, imemwokolea vifaa vingi umeme unaporudi kwa kishindo. Lakini maana yake ni kwamba kila usiku betri ile imekuwa ikibeba saa peke yake. Ilipoanza kuchoka, saa ikaanza kusuasua usiku na kuamka imechelewa. Jumatano ikaishiwa kabisa. Asubuhi BIOS ikakuta kumbukumbu yake haieleweki, ikaandika maneno meupe, ikaomba F1, ikarudisha mipangilio ya kiwandani. Tarehe ikaenda 2012.

Na pamoja na tarehe, kitu gani kingine kilirudi kiwandani?

Hapa ndipo nilipolitazama upya lile neno la skrini ya bluu. Mashine inapoamka, Windows haijui kusoma diski tangu mwanzo. BIOS ndiyo inayoisomea: inakwenda kwenye diski, inachukua kipande cha kwanza cha programu, kile kinachukua kingine, kinapakia kiini cha Windows kwenye RAM, nembo inatokea, vidoti vinaanza kuzunguka. Mpaka hapo Windows inabebwa mgongoni. Kisha inafika wakati inashushwa chini na kuambiwa itembee, isome diski kwa dereva yake yenyewe, yaani programu ndogo inayojua kuongea na kifaa. Kama dereva iliyozoea haiendani na namna diski inavyojitambulisha sasa, inakanyaga hewa, na hapohapo inasimama na kuandika kwamba haifikii diski yake.

Diski za SATA (ndiyo njia inayoziunga na mazabodi) kwenye mashine za umri huu zinaweza kujitambulisha kwa namna kadhaa, na chaguo liko ndani ya BIOS: IDE, AHCI, na kwa baadhi RAID. IDE ni ya kizamani kuliko AHCI na haiiachii diski kutumia uwezo wake wote. Windows iliyowekwa mashine ikiwa kwenye AHCI, ukiigeuzia IDE ghafla, inakufa kwa neno hilihili. Linux haijali, inabeba dereva zote mbili na kuchagua inayofaa. Ndiyo maana flashi yangu iliiona diski bila shida, na huenda ndiyo sababu mojawapo ya kunakili kuwa polepole.

Nimeandika: "Kesho, kabla ya kugusa chochote: BIOS, ukurasa wa SATA."

Jumatatu, baada ya kazi

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba baba. Umekuja na jibu?"

Nimemwambia nimekuja na swali moja la kuiuliza mashine.

Nimeingia BIOS. Imeandikwa IDE.

Nimebadilisha kuwa AHCI, nikahifadhi, nikaristati. Sikugusa kingine, hata tarehe nimeiacha 2012. Nembo, vidoti, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Kisha picha ya bahari na jina la Shangazi likimwomba nywila. Amepiga kofi moja akajifunika kinywa kwa mkono, maana kulikuwa na mteja amekuja kuandikiwa barua ya msiba.

Kuwaka mara moja hakujanitosheleza. Nimezima, nikazima na swichi ya ukutani, nikakaa nusu saa na chai. Nimewasha: maneno meupe, F1, skrini ya bluu. Nimerudi BIOS, imeandikwa IDE tena. Sasa nina ugonjwa ninaoweza kuuita ukaja na kuufukuza ukaenda.

Nimefungua ubavu wa mashine. Betri nimeipima kwa mita niliyoazima kwa fundi redio wa mtaa wa pili: volti 1.7. Mpya, ya shilingi elfu mbili, imesoma 3.2. Nimeiweka, nikarekebisha tarehe na saa, nikachagua AHCI, nikahifadhi. Nimezima ukutani, safari hii saa nzima, tumefunga duka tukala. Tumerudi, nimewasha: hakuna maneno meupe, saa iko sawa, Windows imeingia.

Yule fundi wa Ijumaa ninamfikiria bila ubaya, na dawa yake ingefanya kazi. Angepiga Windows mpya mashine ikiwa kwenye IDE, ingewaka, angelipwa, na kila aliyekuwepo angeamini ugonjwa ulikuwa Windows. Betri ingebaki imekufa, na saa ingerudi 2012 kila asubuhi. Miezi ya kikoba kuanzia Julai ingekuwa imefutika kwa sababu ya kidude cha shilingi elfu mbili. Hilo ndilo linaloniuma kwenye kazi hizi: watu wanapoteza picha za wazazi waliokufa, tasnifu, hesabu za biashara, kwa sababu kupiga upya ni haraka kuliko kuuliza.

Kwa kuwa ubavu ulikuwa wazi, nimefuta vumbi.

Jumanne, saa mbili asubuhi

Simu. "Mwanangu, imerudi."

Nimemwomba aache kuiwasha, anitumie video. Ni skrini ya bluu, mashine inakufa ikiamka kama Alhamisi. Lakini neno si lile. Limeandikwa MEMORY_MANAGEMENT. Anasema amejaribu mara tatu kabla ya kunipigia, mara ya pili iliwaka ikakaa dakika kumi, akachapa kurasa nne, ikazimika.

Hamu yangu ya kwanza ilikuwa kumwambia aingie BIOS aangalie ile AHCI. Nimejizuia. Mashine yenye AHCI iliyoharibika haifiki kuchapa kurasa nne.

Jumanne, jioni

BIOS iko sawa: AHCI, tarehe ya leo. Nimewasha mara sita mfululizo na kuandika kila moja:

Kwanza, MEMORY_MANAGEMENT. Pili, imewaka. Tatu, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Nne, imeganda kwenye nembo. Tano, imewaka. Sita, MEMORY_MANAGEMENT.

Kijana anayesaidia dukani aliposoma neno la mara ya tatu kwenye simu yangu akasema amewahi kuliona. Ni kweli, liliandikwa duniani kote tarehe 19 Julai 2024, siku ambayo faili moja la sasisho la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows, Microsoft wenyewe wakakadiria milioni 8.5. Viwanja vya ndege vilisimama, hospitali ziliandika kwa mkono. Nyingi ya zile mashine zilikufa zikiamka kila zilipowashwa, kwa neno lilelile, mpaka mtu alipoziingiza kwenye hali salama na kulifuta lile faili. Ubovu wa programu huwa na adabu hiyo, unajirudia palepale. Mashine yangu inabadili maneno, mara inakufa mara inaishi. Kitu kinachoteleza namna hiyo mara nyingi ni cha kushikika kwa mkono: RAM, umeme, au mguso.

Kwa hiyo ni ugonjwa wa pili, na swali ambalo siwezi kulijibu ni lini ulianza. Nimerudi kwenye shajara yangu ya jana kutafuta nilichobadilisha. Nimekuta AHCI, betri, tarehe, halafu mstari wa mwisho: "nimefuta vumbi." Maneno mawili. Nimekaa nikijaribu kukumbuka yalibeba nini. Nilitumia brashi mpya ya kupakia rangi niliyonunua njiani. Nilifuta feni ya prosesa. Nilitoa vipande vyote viwili vya RAM, nikafuta miguu yake ya dhahabu kwa ufutio, nikapitisha brashi ndani ya sloti, nikarudisha. Vitendo vinne au vitano, kwa furaha ya mashine iliyopona, na sikuwasha kati ya kimoja na kingine. Kanuni niliyoiandika juu ya ukurasa niliivunja nikidhani kazi imekwisha.

Nimemweleza Shangazi hivyohivyo, kwamba huenda hili la pili nimelileta mimi. Amenyamaza kidogo, akasema, "Basi unajua pa kuanzia."

Jumatano

Kwanza umeme, kwa kuwa kuupima ni dakika tano na ningependa kuufuta kwenye orodha. Mita kwenye waya wa njano: 12.08, na wakati mashine inaamka unashuka mpaka 11.9. Waya mwekundu: 5.06. Kinachoruhusiwa ni asilimia 5 juu au chini, yaani wa volti 12 usishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6. Pawa saplai ni nzima. Kapasita za mazabodi nimezimulika moja moja, vichwa vyake ni bapa, hakuna iliyovimba wala kutoa uchafu juu.

Halafu RAM. Memtest86+ inaingia kwenye flashi na inaendeshwa bila Windows wala Linux, inaandika mifumo ya namba kwenye kila kona ya kumbukumbu na kuisoma tena kuona kama imerudi kama ilivyokwenda. Vipande vyote viwili vikiwa ndani, mistari myekundu imeanza kabla ya dakika ya tano.

Hapa ndipo uvumilivu unapolipa, na nimeifanya polepole kwa makusudi. Mazabodi ina sloti nne, zilizotumika ni ya kwanza na ya pili. Vipande nimeviwekea alama kwa kalamu, A na B.

A peke yake, sloti ya kwanza: mzunguko mzima, makosa 0.
B peke yake, sloti ya kwanza: mzunguko mzima, makosa 0.

Ingekuwa rahisi kusimama hapo na kusema RAM ni nzima, tatizo liko kwingine. Lakini vipande viwili vizima vilivyoshindwa vikiwa pamoja vinaacha kitu kimoja ambacho hakijahojiwa.

B peke yake, sloti ya pili: makosa ndani ya dakika mbili.
A peke yake, sloti ya pili: makosa ndani ya dakika mbili.

Ni sloti. Nimezima, nikachomoa waya wa ukutani, nikalaza mashine ubavu, nikawasha tochi ya simu na kuielekeza ndani ya sloti ya pili kwa mshazari. Mara ya kwanza sikuona kitu. Nikaigeuza tochi upande wa pili, kitu kikang'aa na kuzima. Nikarudisha mwanga taratibu. Upande wa chini, karibu na kile kijitenga cha katikati, kulikuwa na unywele mmoja mweusi, mfupi kuliko ukucha, umelala juu ya miguu mitatu ya shaba kama kijiti juu ya reli.

Unywele wa brashi ya rangi.

Nimeutoa kwa kibano cha nyusi cha Shangazi. Nimeugandisha kwa selotepu kwenye ukurasa huu, uko hapa chini ya mstari, ukitaka kuuona lazima uuelekeze kwenye mwanga. Kipande cha RAM kilikuwa kinaingia mpaka mwisho na vibanio vinafunga kwa sauti yake, kwa hiyo mkono haukujua lolote. Lakini pale unywele ulipolala, mguso ulikuwa wa nusunusu, unashika na kuachia kadiri mashine inavyopata joto.

Nimerudisha vipande vyote viwili. Memtest86+ imeachwa ikiendelea usiku kucha, feni ya dari imeachwa pia, mlango umefungwa.

Alhamisi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimepita kabla ya kazi. Mizunguko kumi imekamilika, makosa 0.

Leo ni wiki moja kamili tangu maneno meupe. Jaribio la mwisho ni la kuamsha ikiwa baridi, maana makosa yote mawili yalijificha kwenye kuamka: kuzima ukutani, kungoja, kuwasha, kuandika. Nimemwachia Shangazi karatasi yenye mistari kumi na kalamu, nikamwomba afanye mwenyewe kila anapopata nafasi, dakika ishirini kati ya moja na nyingine. Jioni nimeikuta imejaa kwa mwandiko wake wa katibu: saa ya kuwasha, "imewaka vizuri", saa ya kuwasha, "imewaka vizuri", mara kumi. Mstari wa saba ameongeza: "umeme ulikatika wenyewe, uliporudi imewaka vizuri."

Ubavuni ndani ya mashine nimebandika karatasi: tarehe betri ilipobadilishwa, na chini yake kwa herufi kubwa, SATA NI AHCI. Atakayefungua mashine hii miaka mitano ijayo, betri hii nayo ikiishiwa, asome hapo kabla ya kutamka neno kupiga.

Brashi nimeitupa. Vumbi la ndani ya sloti nitalipuliza kwa pampu ya mkono, ile ya mpira, au nitaliacha.

Ijumaa

Mambo yaliyobaki. Microsoft walimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha tatu haimo kwenye orodha ya Windows 11, ambayo kwa Intel, kwa sehemu kubwa, inaanzia kizazi cha nane. Mashine inayojazia watu fomu zenye namba zao za vitambulisho haifai kukaa hivi muda mrefu. Ile Linux ya flashi iliendesha printa yake bila kuombwa kitu, nimemwonyesha Shangazi, ameitazama kwa mashaka lakini amekaa kwenye kiti. Tutaijaribu pembeni baada ya kikoba, si kabla.

Na nakala. Nimemwekea ratiba: kila Ijumaa jioni, kabla ya kufunga, faili la kikoba linakwenda kwenye flashi, flashi inakwenda mkobani. Leo amefanya mwenyewe mbele yangu.

Jumamosi, jioni

Nimepita kuchukua diski yangu ya nje. Mashine imewaka tangu asubuhi. Shangazi alikuwa anachapa daftari la kikoba, nakala ishirini na nane, kila mwanamke na yake ya kushika mkononi kesho. Karatasi zilikuwa zinatoka zina joto, anazipanga kwenye meza kwa mpangilio wa majina, na kila rundo likikamilika analigonga pembe mbili ili lilingane. Ya ishirini na nane ilipotoka ameitazama mbele na nyuma, akanitumia nikanunue klipu za karatasi kabla duka la jirani halijafunga.